Mtali wa Bibi Usiung'arishe

Chukua mtali, lile pambo la mguuni, wa fedha wa zamani, ule mnene ulio wazi ndani, uutikise karibu na sikio. Ukilia, jua fundi alitia vijiwe au punje za chuma kabla ya kuufunga kwa lehemu, kusudi anayeuvaa asikike kabla hajaonekana. Sasa ugeuze. Upande mmoja nakshi bado ni kali, unaihisi kwa ncha ya kidole. Upande wa pili, ule uliopishana na mguu mwenzake kila hatua kwa miaka mingi, nakshi imelika ikawa laini kama kokoto ya ufukweni. Na ndani ya mifereji ya nakshi iliyobaki mna weusi uliotulia.

Weusi huo na ulaini huo ndio cheti cha kuzaliwa cha mtali. Hauna kingine. Nasikitika kuona watu wakiununua leo na kesho wameshausugua kwa ndimu na majivu mpaka umeng'aa kama sufuria.

Msimamo wangu ni huu: pambo kuukuu la fedha halirudishwi upya, wala halipimwi thamani kwa mizani peke yake. Lugha yetu yenyewe inatuvuta upande wa mizani, maana neno fedha ni madini na ni pesa pia. Na kweli mapambo haya yalikuwa akiba. Pwani yetu na Oman, mwanamke alivaa mali yake mwenyewe; shida ikija, kikuku kilikwenda kwa sonara, na mara nyingi mwenyewe alipofariki vitu vyake viliyeyushwa na kufuliwa upya kwa bibi harusi mwingine. Ndiyo maana vilivyobaki vingi ni vya mwisho wa karne ya 19 na vya karne ya 20. Muuzaji akikwambia kidani kina miaka 300, mwombe akuonyeshe anakijuaje.

Jibu lake karibu kila mara litakuwa sarafu. Atakuelekeza kwenye riale iliyoning'inia katikati, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Malkia huyo alifariki mwaka huohuo wa 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa na tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakutaka nyingine. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London na Bombay. Kwa hiyo 1780 haikwambii lolote kuhusu umri wa kidani.

Kinachosaidia ni sarafu nyingine zilizofungwa pamoja nayo. Rupia ya Uhindi yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, Edward VII au George V, ina mwaka wake halisi. Rupia ya Afrika Mashariki ya Wajerumani vilevile. Kanuni ni moja: kidani hakiwezi kuwa kikongwe kuliko sarafu yake changa, ila kama sarafu hiyo ilibadilishwa. Kujua kama ilibadilishwa, tazama kikonyo chake kwa lenzi ya kukuza mara 10. Vikonyo vyote vikiwa na lehemu ya rangi moja na kimoja kina tone la kijivu lililofura, hicho ni cha juzi.

Riale ya kweli ina gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Wakia ya zamani ya Unguja ilikuwa ndiyo uzito wa riale moja, na ratili ni wakia 16. Ukingoni mwa sarafu pana maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka, yamezungukwa na vipambo vidogo. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na ukingo mtupu, au maneno yaliyovimba hayasomeki.

Wenye fedha ya kufua walimpelekea sonara riale zao, azipige au aziyeyushe. Kwa hiyo pambo la kweli la pwani au Oman mara nyingi ni fedha ya aina ya 833, haina muhuri wowote, na kukosa muhuri si kasoro. Mimi nina shaka zaidi na kikuku "cha kale" chenye muhuri wa 925, yaani fedha sehemu 925 kwa 1,000, uliopigwa safi kwa ndani. Mwaka 1921 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, yenye fedha robo tu, 250 kwa 1,000. Pambo lililofuliwa kwa shilingi hizo huwa jekundu kidogo sehemu zilizolika. Halidharauliki, lina historia yake. Ila usililipie bei ya riale.

Sumaku haitoshi. Itakuonyesha chuma, basi. Shaba, shaba ya manjano na ile aloi nyeupe ya shaba, nikeli na zinki, isiyo na hata chembe ya fedha, hazishikwi na sumaku pia. Kipimo ninachokitetea ni cha maji, kwa sababu hakikwaruzi kitu na hakihitaji asidi. Weka mizani ya kidijitali mezani, pima pambo likiwa kavu, uandike. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Funga pambo kwa uzi mwembamba, ulizamishe lote bila kugusa chini wala kando, usome namba. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo. Kekee, yaani bangili ya fedha, ya gramu 84.2, sawa na riale tatu, ikikupa 8.25 majini, jibu ni 10.2: hiyo ni fedha ya riale. Ikikupa 9.7, jibu ni 8.7, na hapo umeshika nikeli na shaba. Fedha robo ya shilingi huangukia karibu 9.3.

Kipimo hiki hukosea kwa sababu zinazojulikana. Vipovu vya hewa vikinasa kwenye nakshi, jibu linashuka. Tia tone moja la sabuni ya maji na utikise uzi. Pete ya gramu 5 inataka mizani ya kusoma gramu 0.01, ya jikoni haifai. Risasi iliyofichwa ndani hupandisha jibu, kwa kuwa risasi yenyewe ni 11.3, hivyo kitu bandia kinaweza kupita. Na mtali ulio wazi ndani usiuzamishe kamwe. Una hewa, hivyo jibu ni la uongo tangu mwanzo, na maji yakiingia kwenye ufa wa lehemu hayatoki. Yanabaki na vile vijiwe, na mtali unaoza kutokea ndani huku nje ukionekana mzima.

Weusi nao huigizwa. Weusi wa kweli ni fedha iliyoshikana na salfa ya hewani, na hukaa mahali ambapo kidole na nguo havifiki, ukififia taratibu kuelekea sehemu zilizoinuka. Weusi wa duka hutandaa sawasawa kila mahali, hata mahali ambapo ngozi ingesugua kila siku. Chovya pamba kidogo kwenye spiriti, upitishe pembeni pasipo na shanga wala jiwe. Ikitoka kahawia yenye harufu ya rangi ya viatu, umepata jibu. Kisha tazama viungo vya mkufu: pete mbili zinaposhikana lazima zimelana, kila moja imechimba mwenzake. Mkufu mweusi tititi wenye viungo vilivyo mviringo kamili haujavaliwa na mtu.

Kuhusu usafi. Ndimu, ukwaju, dawa ya meno, majivu, dawa ya kung'arishia shaba: vyote nje. Asidi inakula shaba iliyo ndani ya fedha na kuacha uso wenye vitundu. Dawa ya meno na majivu ni msasa. Pambo lililochovywa au kubandikwa dhahabu, kama hirizi nyingi za Kiomani zenye mabamba membamba ya dhahabu juu ya fedha, linaweza kupoteza kazi hiyo kwa msuguo wa dakika chache, na hakuna wa kuirudisha ilivyokuwa. Ile njia inayosambazwa ya karatasi ya alumini, maji moto na magadi soda inafanya kazi kikemia, na hapo ndipo ubaya wake: inaondoa weusi wote, hadi ule wa ndani ya nakshi, na fedha inabaki na weupe mfu.

Unachohitaji ni maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, tone la sabuni isiyo na manukato, na mswaki laini wa mtoto mchanga. Piga kidogo kidogo, suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba, uache kivulini saa kadhaa. Mtali wenye uwazi na kitu chochote chenye uzi au shanga, futa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Baada ya hapo hifadhi kila pambo peke yake kwenye mfuko wa plastiki laini unaofungika, pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu, ambayo pwani ubadilishe mara kwa mara. Usifunge kwa mpira, usifunike kwa sufu wala gazeti. Mpira una salfa. Alama yake juu ya fedha ni mstari mweusi ambao hautoki bila kukwangua.

Likivunjika, mweleze sonara kabla hajawasha moto kwamba atafute kwanza kama pana lehemu ya risasi ya matengenezo ya zamani. Risasi ikipata moto mkali inayeyuka ndani ya fedha na kuitoboa. Mafundi wengi wazuri wa dhahabu hawajakutana na hili, kwa sababu kazi mpya haina risasi.

Shanga zataka uangalifu wake. Marijani nyekundu ni chokaa, hivyo tone la ndimu au siki huichoma. Kaharabu ya kweli, ule utomvu wa miti wa kale sana uliogeuka jiwe, huelea kwenye glasi ya maji iliyokorogwa chumvi vijiko vikubwa vitatu. Ile ya plastiki nzito ya zamani huzama. Lakini shanga iwe peke yake, bila uzi wala fedha, na kuelea si ushahidi kamili, kwani sandarusi, utomvu mgumu wa mti usio wa kale kama kaharabu, ile iliyosafirishwa sana kutoka Unguja, huelea pia. Tone dogo la asetoni mahali pasipoonekana huifanya sandarusi inate. Kaharabu haibadiliki upesi. Plastiki nyepesi nazo hunata, basi soma majibu yote kwa pamoja.

Sheria isikupite. Kenya huhesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Tanzania Bara mpaka wake wa kitu cha kale ni 1863. Pambo lenye pembe ya ndovu liache lilipo, hata liwe zuri namna gani.

Na andika. Uzito, kipenyo, picha ya mbele, nyuma na ndani, lilitoka mji gani, lilivaliwa lini, na zaidi ya yote jina alilolitaja mwenyewe. Furungu, mtali, kekee, timbi, hazama, jasi: leo duka linaita nusu ya hivi "bangili" na nusu "hereni", na jina likishapotea hata wajukuu hawajui walirithi nini. Kama mwenye kitu ni bibi aliye hai, mwache aseme kwa maneno yake, uandike hivyohivyo.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla hujalipa ni ule upande uliolika. Mtali wa mguu wa kulia na wa kushoto hulika pande zinazotazamana. Ukikuta mmoja tu, uliza mwenzake yuko wapi, na uulize kwa upole palepale nyumbani, kwa sababu mara nyingi yuko kwa dada wa mwenye nyumba, na siku ukiondoka na huu mmoja, yule wa pili ndiyo safari yake ya kwenda kuyeyushwa.