Kabati Lisisogezwe

Leo nimechelewa kutoka nyumbani kwa sababu nilisimama katikati ya sebule, kikombe mkononi, nikiutazama ukuta mtupu nikisubiri uniambie saa ngapi. Ukuta ukanyamaza. Ni mweupe, msafi, na hauna saa. Saa ilikaa pale miaka 7, na shingo yangu imejifunza kugeukia pale yenyewe, haiombi ruhusa kwa kichwa. Wala siyo mimi peke yangu. Mama watoto anageuka, watoto wanageuka, juzi nimemkuta hata jirani aliyekuja kudai ngazi yake anageuka.

Yote haya kayaleta mgeni mmoja. Kaketi kwenye kochi, kazungusha macho kutoka darini mpaka sakafuni, kisha kwa upole wa mtu aliyelelewa vizuri akauliza: "Kwa hiyo bado mnaendelea kuhamia?"

Mwaka wa 7! Nikakohoa. Mama watoto akacheka kile kicheko chake cha mbele ya wageni, ambacho hakifiki machoni. Mgeni hajafika hata barabarani, daftari likatoka. Walioko kwenye ndoa wanalijua daftari.

"Tunaipamba hii sebule," akasema.

"Kwa pesa gani?"

"Kidogo kidogo. Rangi, mapazia, basi."

Nimeoa siku nyingi, najua kwamba hilo neno "basi" liko pale kwa ajili ya kunituliza tu.

Akanionyesha na video. Zile video mnazijua. Dakika moja, chumba kilikuwa pango, sasa ni ikulu. Dada wa kwenye video hatoki jasho, rangi yake haidondoki, na hana mtoto anayeuliza kama anaweza kusaidia. "Nimetumia tu vitu nilivyokuwa navyo nyumbani," anasema. Vitu alivyokuwa navyo nyumbani ni drili, msumeno wa umeme na mbao sita zilizokwisha kupigwa randa. Mimi nilivyonavyo nyumbani ni nyundo, na mpini wa hiyo nyundo, kila kimoja mahali pake.

Hata hivyo mimi ndiye mkuu wa kaya, nikatoa msimamo. Fundi haji. Ukuta ni ukuta, rangi ni rangi, mikono ninayo miwili. Tutapaka wenyewe Jumamosi, Jumapili tunapumzika tukiwa tumeketi ndani ya uzuri wetu.

"Nimemwambia kaka aje atusaidie," akasema mama watoto. "Bure."

Shemeji yangu akaja Jumamosi alfajiri, penseli sikioni, futi kiunoni, pima maji kwapani. Hakuja na brashi. Hapo ndipo ningeshtuka. Mtu anayekuja kupaka rangi bila brashi ana mipango mingine.

Akasimama mlangoni kimya, kama daktari anayesoma cheti kabla ya kumwangalia mgonjwa usoni. Akagonga ukuta kwa kidole, ko, ko, ko, akasikiliza. Akasogea. Ko, ko, pu.

"Umesikia hiyo pu?" akauliza.

"Sijasikia pu yoyote."

"Plasta imeachia. Haya, shemeji, tuanze na kusogeza kabati."

"Kabati lisisogezwe," nikasema.

"Sasa nyuma yake tutapakaje?"

"Nyuma yake hapapakwi. Nani anaingia nyuma ya kabati?"

Hapa acheni niseme kitu ambacho kila mwenye sebule anakijua na hakisemi. Sebule yangu haikupangwa, ilifichwa. Kila kitu kimekaa kilipokaa kwa sababu kuna kingine chini yake. Kalenda ya mwaka juzi inaficha tundu la msumari lililozaa matundu. Zulia linaficha vigae viwili vilivyopasuka. Mto mkubwa wa kochi unaficha springi, na mimi nakaa juu ya huo mto ili niufiche mto. Na kabati linaficha ile ramani.

Ramani ni doa la maji. Lilianza dogo kama kiganja, na kwa kuwa hatukuwahi kuliambia lisimame, limepata ghuba, limepata rasi, na upande wa kushoto limezaa kisiwa. Dawa yetu ilikuwa kubadilisha kabati kila linapokua. Hili ni la tatu.

Shemeji hakubishana. Alishika upande mmoja, akanitazama, nikashika upande wa pili kwa aibu. Kabati likalia sakafuni kama ng'ombe. Ramani ikatoka hadharani. Watoto wakaja kuitazama, maana na wao walikuwa hawajawahi kuiona yote.

Akaibonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikabanduka kipande kizima, na chini yake kukatoka unga mweupe. "Chumvi," akasema, akiusaga unga kwa vidole viwili. "Maji yakipita kwenye plasta yanaibeba, yakikauka yanaiacha hapa. Ukipaka rangi juu yake, baada ya muda inavimba malengelenge." Akasema malengelenge taratibu, kwa raha.

Nikamwambia tutapaka nzito. Akaenda jikoni bila kujibu, akarudi na mfuko wa nailoni, akaukata kipande cha mraba, akakibandika juu ya ramani kwa utepe wa gundi pande zote nne. "Siku mbili," akasema. "Unyevu ukitokea kwa ndani, upande wa ukuta, basi maji yanatoka ukutani. Ukitokea juu ya nailoni, ni hewa ya humu ndani tu, mfungue madirisha."

Siku mbili! Kwa siku mbili ukuta wangu ulikaa na bandeji, mimi nikila chakula nimeitazama, na shemeji akiwa pembeni yangu naye anakula, maana asingeweza kumwacha mgonjwa. Kila baada ya muda anainuka, anainama, anachungulia nailoni, anaguna. Nikimuuliza vipi, anasema ni mapema. Usiku wa pili niliamka saa tisa kwenda kuchungulia mwenyewe. Nikamkuta yuko pale na tochi.

Asubuhi nailoni ilikuwa imelowa kwa ndani, chapachapa.

Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Fundi bomba, yule yule niliyesema haji fundi, akaja, akavunja vigae vitatu, akatikisa kichwa, akalipwa. Ndivyo pesa ya bomba la pazia ilivyoliwa na bomba la maji. Mama watoto akakata mstari kwenye daftari bila kuinua macho.

Sasa nikadhani tunapaka. Siku hiyo nilikuwa nimevaa na ile fulana ya kazi. Shemeji akaniambia ukuta ulionyonya maji miaka haukauki kwa siku moja, tuusubiri wiki kadhaa, na wakati tunasubiri tukague kuta nyingine. Akachovya kitambaa kwenye spiriti akasugua ukuta wa dirishani. Akasugua sana. Akanionyesha kitambaa. Kisafi.

"Vizuri," nikasema.

"Vibaya. Ingekuwa rangi ya maji, ingetoka kwenye kitambaa. Hii ni ya mafuta. Ukiipaka ya maji hivi hivi, itachunika kama ngozi ya nyoka. Lazima ipigwe msasa, ifutwe vumbi, ipate andakoti, ile rangi ya chini ya kushikisha, ndiyo rangi."

Jamani, nikapasuka. Nikamwambia shemeji, mimi niliomba rangi! Sikuomba uchunguzi! Ningekuwa nimepaka siku ile ile ya Jumamosi, ningekuwa nimemaliza, ningekuwa nimeketi! Wiki mbili sasa vitu viko barazani, jirani wanne wameniuliza tunahamia wapi, mmoja ameulizia nyumba kama inapangishwa! Natafuta soksi kwenye sufuria! Kwani huko kwako hakuna kuta?

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Shemeji, rangi ni kazi ya siku ya mwisho," akanipa msasa.

Na kinachoniuma siyo kwamba ni mjuaji. Wajuaji nimeishi nao. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa sahihi. Kila alichosema kikawa. Mtu akikusumbua na akakosea, angalau unapata kitu cha kuhadithia. Huyu hakuniachia hata hicho.

Nikapiga msasa siku tatu. Vumbi la msasa linaingia mahali ambapo sitapataja. Puti, tena msasa, tena kufuta.

Hesabu ya rangi aliifanya kwa penseli ukutani pale pale. Sebule ni mita 5 kwa 4, kuzunguka mita 18, mara kimo cha mita 2.5, unapata mita za mraba 45. Toa milango na madirisha, zinabaki kama 40. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, 80. Lita moja inapaka kama mita 10 za mraba, kwa hiyo lita 8. Mimi nilikuwa nimekadiria kwa macho kopo moja na "kidogo". Mama watoto akatazama kilichobaki kwenye daftari, akasema lita 7. Shemeji akasema 8. Mama watoto akasema 7. Kumbe na yeye ana mtu anayemwogopa.

Kuchagua rangi sina la kusema, maana sikuulizwa. Najua tu kwamba ile karatasi ya dukani ilionyesha rangi ya maziwa, na usiku wa kwanza sebule ikawa kama ndani ya jokofu. Tulikesha tukilaumiana. Shemeji akachungulia boksi la balbu, akasoma 6500K, yaani mwanga mweupe wa baridi, akasema kosa si la rangi, leteni ya 2700K, ya mwanga wa njano. Tukaleta. Sebule ikawa ya maziwa. Nikatoka nje nikavute hewa.

Mapazia ni yale yale ya zamani. Yule dada wa kwenye video anasema ukitundika pazia juu karibu na dari, dirisha linaonekana refu. Tukatundika juu. Dirisha kweli limekuwa refu. Pazia limekuwa suruali ya mtoto aliyekua ghafla.

Halafu kuna hili ambalo hakuna aliyenionya. Ukuta ukiwa mpya, dari linakuwa la njano, hapo hapo. Lilikuwa jeupe miaka yote! Ukilipaka dari, swichi zinageuka kahawia. Binti yangu mkubwa, anayesoma kila kinachochapishwa, ananiambia kuna Mfaransa anaitwa Denis Diderot aliyelia kilio hiki hiki mwaka 1769: kapewa joho jipya jekundu, mara kiti chake, meza yake na picha zake zote zikaonekana takataka, akaanza kubadilisha kimoja kimoja. Nimemwelewa sana yule mzee. Tofauti ni kwamba yeye alipata joho.

Lita 7 ziliishia mnajua wapi. Zilitosha kila ukuta isipokuwa mita chache za mwisho, na mita za mwisho, kwa sababu kila mtu alikuwa anazikwepa tangu mwanzo, zilikuwa pale penye ramani. Ukuta mkavu kabisa, umetibiwa, umepigwa puti, una andakoti, una na hesabu ya shemeji kwa penseli, ila rangi hauna. Tukarudisha kabati. Shemeji alishika upande mmoja, mimi upande wa pili, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sasa turudi kwenye saa. Msumari wake uling'olewa, tundu likazibwa, na mama watoto ametangaza kwamba ukuta huu hautobolewi na mtu yeyote mpaka yeye aamue saa ikae wapi. Wiki ya pili hii anaamua. Anasimama mlangoni, anakunja jicho moja, anasema "labda pale," kisha anasema hapana. Kuna gundi za kubandikia bila msumari, lakini shemeji kasema kwa simu kwamba rangi ikiwa bado changa gundi itaondoka na ngozi yake. Sikumuuliza. Alipiga mwenyewe.

Kwa hiyo saa imelazwa kwenye kochi, uso juu, chini ya ule mto mkubwa ili watoto wasiichezee. Mto huo, kama nilivyosema, ndiko ninakokaa. Jana usiku nimerudi nimechoka, nikajitupa, nikasikia kitu kimesema kri. Kwa muda nilidhani ni springi.

Imesimama kwenye saa nne na robo. Sijamwambia mtu.