Shikamoo ya Asubuhi na Mshahara wa Dada

Dada yangu anapiga deki hosteli za chuo kimoja hapo Tanga. Hutoka Makorora alfajiri, kwa miguu siku akikosa nauli, na ikifika saa moja na nusu korido zake zote zimeshakauka. Wanafunzi wakitoka kwenda darasani humwamkia mmoja mmoja, "Shikamoo mama," naye huwaitikia, "Marahaba mwanangu," bila kumruka hata mmoja. Wanampenda. Alipofiwa na mumewe walichangishana, wakaja matangani na mchele, sukari na bahasha. Sijasahau, na Mungu awalipe.

Sasa kampuni ya usafi iliyomwajiri haijamlipa miezi miwili. Wanafunzi wale wale wanapita mbele yake kila asubuhi, wanamwamkia, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amelipwa.

Mimi naosha vyombo kwenye kafteria ya chuo huku Massachusetts, Marekani. Huku hakuna shikamoo. Kijana wa miaka 19 ananiita kwa jina langu kama vile tumecheza naye gololi Ngamiani, na mwanzoni jambo hilo liliniuma sana. Lakini mkataba wetu ulipokaribia kwisha na chama cha wafanyakazi kikawa mezani na chuo, kijana mmoja alikuja kwenye dirisha la kurudishia sahani akaniuliza: unalipwa kiasi gani kwa saa? Bima ya afya inakukata shilingi ngapi (alisema dola, bila shaka)? Chuo kikifungwa kiangazi, wewe unakula nini? Nikabaki namtazama. Kwetu mtoto hamuulizi mtu mzima mshahara wake. Halafu nikamjibu. Wiki iliyofuata walikuwa getini na ngoma, kwenye theluji, na mabango yao yalikuwa na hesabu zile nilizompa mimi.

Wenzangu wa jikoni waliokaa zaidi hapa wakanisimulia habari za Chuo Kikuu cha Harvard, kilichoko mji wa jirani wa Cambridge. Mwaka 2001 wanafunzi wapatao 50 waliingia kwenye jengo la ofisi ya rais wa chuo, wakakaa humo siku 21. Walichodai hakikuwa chao: kila mfagiaji, mlinzi na mpishi wa chuo alipwe angalau dola 10.25 kwa saa, kiwango ambacho mji huo ulikuwa umeshakipitisha kwa wafanyakazi wake. Chuo kiliunda kamati, na mwaka uliofuata mishahara ya wafagiaji ikapanda. Kisha Oktoba 2016 wafanyakazi wa kafteria za chuo hicho waligoma wenyewe, karibu wiki 3, wakidai mtu asipate chini ya dola 35,000 kwa mwaka na gharama za matibabu zisiongezwe. Wanafunzi walitoka madarasani kwa mamia kuwaunga mkono. Wakashinda.

Msinielewe vibaya, sisemi Wamarekani wana moyo kuliko sisi. Wengi wa vijana hawa wakifukuzwa chuo leo, kesho baba ameshawatafutia wakili na chuo kingine. Mtoto wa Pongwe aliyepelekwa chuo kwa kuuzwa kiwanja hana pa kurudia. Akisimamishwa masomo, mkopo wa Bodi unasimama naye, na mama yake anakuwa ameuza kiwanja bure. Woga huo naujua, nimekulia ndani yake.

Tena si kweli kwamba wanafunzi wetu hawana historia. Ile ya Oktoba 1966 inajulikana zaidi: wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Waliandamania matumbo yao, ndiyo maana walipata aibu ile. Lakini mwaka 1978 walitoka tena, safari hii kupinga viongozi kujiongezea marupurupu wakati wananchi wanahangaika. Nao walifukuzwa. Hao wa 1978 ndio ninaowataja kila nikibishana na watu wa nyumbani wanaosema siasa za namna hii ni za Kizungu.

Siku hizi mgomo wa chuoni kwetu ukisikika, ujue bumu, ile posho ya kujikimu, limechelewa. Ni haki yao, mtu hawezi kusoma na njaa. Kinachoniuma ni kwamba bumu likiingia, kelele zinakwisha siku hiyo hiyo, na yule mama wa deki na yule mlinzi wa usiku bado hawajalipwa.

Wala sidai mtu akakalie ofisi ya mkuu wa chuo siku 21. Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inataka mwajiriwa apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi. Inaweka saa 45 kwa wiki, na zinazozidi hapo zilipwe mara moja na nusu. Mlinzi anayekesha anastahili nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Anayedhulumiwa ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kumsikiliza. Mwanafunzi wa sheria au wa utumishi anayakariri haya kwa ajili ya mtihani, na anayeyahitaji yuko mlangoni kwake na ndoo. Nusu saa tu ya kukaa naye ngazini ingetosha kuanzia.

Babu yetu aliletwa Tanga kutoka Njombe na Silabu, ile ofisi iliyowaajiria vibarua wenye mashamba ya mkonge, akawa manamba. Alikuwa na kipande, kadi ya kazi ya siku 30, na siku ambayo nyapara hakuitia alama ilikuwa imepotea. Dada naye ana daftari la shule analoandika siku zake, kwa sababu kampuni haijawahi kumpa karatasi yoyote. Aliponitumia picha ya daftari lile nilitoka jikoni nikaenda kusimama nje kwenye baridi.

Bintiye yuko chuo mwaka wa pili sasa, chuo kingine. Nilimpigia nikamwomba akae na mama yake wasome ile sheria pamoja, kisha aende na wenzake wawili watatu kwa serikali ya wanafunzi wa pale mama anapofanya kazi, waulize tu mkataba wa kampuni ile na chuo unasemaje kuhusu mishahara. Alinyamaza kidogo.

"Mjomba," akasema, "mama anasema tungoje kwanza alipwe."