Msaidizi darasani si kila kitu

Nikiongea na walimu niliofundisha nao Tanzania, swali haliishi: eti huko Uingereza mtoto mmoja anapewa mtu mzima wa kukaa naye darasani? Ndiyo, na mimi ndiyo kazi yangu. Nakaa pembeni ya mtoto mwenye usonji, namwonyesha ratiba ya picha, namtoa nje kelele zikimzidi. Wenzangu husikia hivyo wakashusha pumzi. Wao wana darasa la watoto wanaobanana watatu watatu kwenye dawati, nani wa kukaa pembeni ya nani?

Lakini wanachokitamani sicho ningekichukua mimi. Watafiti wa London walioongozwa na Peter Blatchford walikuta kwamba watoto waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kimasomo kuliko wenzao wanaofanana nao. Sikushangaa. Msaidizi akishakaa, mwalimu anahamia kwa wengine, na mtoto mwenye uhitaji mkubwa anabaki kufundishwa na mtu asiye mwalimu. Mchana kutwa hatajwi jina na mwalimu wake.

Kinachonivutia ni karatasi. Kwa sheria ya huku Uingereza ya mwaka 2014, mtoto ambaye msaada wa kawaida wa shule haumtoshi anaweza kuandikiwa mpango wa elimu, afya na matunzo: anahitaji nini, atapewa nini. Ukishatiwa saini, halmashauri inabanwa nao kisheria. Muda wa kuukamilisha ni wiki 20 tangu ombi lilipopelekwa. Wanachelewa, tena sana, na shule zinalia fedha kila mwaka. Ila mzazi anajua siku ya kuanza kudai, na akinyimwa anakata rufaa. Wanaofika mbele ya baraza la rufaa wengi hushinda.

Nyumbani sheria tunayo. Ile ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma na wenzake, na Chuo cha Ualimu Patandi kinatoa walimu wa elimu maalumu. Shuleni tunaishia kwenye kitengo: chumba kimoja na mwalimu wake, na shule iliyobaki inaona suala limekwisha. Mtoto asiyeona au kiziwi angalau anatambulika. Yule ambaye herufi zinamchanganya yuko darasa la nne, anaitwa mzito, anachapwa, na hakuna aliyewahi kumpima. Na mwalimu aliyesomea elimu maalumu unamkuta amepangiwa vipindi vya kawaida kwa sababu walimu hawatoshi. Hapo simlaumu mwalimu mkuu.

Wasaidizi wa kujaza shule zetu hatutawamudu leo, na tusijidanganye. Kumwita mzazi, kumpima mtoto, kuandika ukurasa mmoja na kuweka tarehe ambayo halmashauri lazima iwe imejibu, hilo halihitaji utajiri wa Uingereza. Tatizo lake nimeliona hukuhuku: anayefika kwenye rufaa mara nyingi ni mzazi mwenye nafasi na anayejua kuandika barua za kiofisi. Wahamiaji wenzangu wengi hukata tamaa kwenye fomu ya kwanza. Ndiyo maana kwetu ombi hilo ningetaka liwe wajibu wa mwalimu wa darasa, mzazi aje kusaini tu na kubaki na nakala yake.