Leigh Bowery hakuwa mavazi tu

Mhariri, nashukuru kwa habari yenu ya Leigh Bowery, msanii wa maonyesho na mbunifu wa mavazi, ila mmeishia kwenye nguo na vipodozi, na hapo mmempunja. Kijana huyu wa Sunshine, kitongoji cha Melbourne, alihamia London mwaka 1980. Mwaka 1985 akaanzisha usiku wa klabu ya dansi ulioitwa Taboo, Leicester Square, katikati ya jiji hilo. Mlangoni bawabu alikuwa akimwinulia mgeni kioo na kumuuliza kama yeye mwenyewe angejiruhusu kuingia. Bowery naye yumo ndani, rangi ikimchuruzika kutoka kwenye kipara hadi mashavuni, anakaribisha watu. Kwangu mimi hiyo ni sanaa kamili, na mwaka 1988 jumba la sanaa la Anthony d'Offay lilimweka nyuma ya kioo: watazamaji wanamwona, yeye anajiona mwenyewe tu.

Kinachoniuma ni mwisho wake. Alikuwa shoga na hakumficha mtu, lakini virusi vya UKIMWI aliwaficha karibu marafiki wote, hadi alipofariki tarehe 31 Desemba 1994 akiwa na miaka 33 tu. Hilo mmeliandika kwa sentensi moja! Na mchoraji Lucian Freud, aliyemchora uchi bila kipodozi hata kimoja, hamkumtaja kabisa.