Riwaya bila ramani: deni la mvumbuzi hulipwa lini?

Uchore mpango wa riwaya nzima kabla ya kuandika, au uanze na sentensi moja uone itakufikisha wapi? Wenye mpango husema asiye na ramani hupotea. Wavumbuzi, yaani wanaoandika bila mpango, hujibu kwamba ukishaujua mwisho hamu ya kuandika inakufa, na msomaji naye anaunusa mwisho huo tangu sura ya pili. Wote wana hoja, ila ubishi wenyewe umekaa upande. Kila riwaya iliyokamilika ina mpango. Mmoja huupanga kabla ya rasimu, mwingine baada yake, na huyu wa pili huulipia kwa kuandika upya.

Tuchukue mfano. Kijana anarudi Tanga kutoka Muscat kumzika baba yake, anakuta nyumba ya familia imeshauzwa. Mwandishi hajui nani kauza; anaanza hapo hapo. Kufikia maneno 20,000 inamdhihirikia kwamba mama ndiye aliyeuza, tena kwa sababu inayoeleweka. Huu ndio utamu wa kuvumbua. Jibu limetokana na namna mama alivyokuwa akikwepa maswali katika kurasa zilizotangulia, jambo ambalo mwandishi aliliandika bila kulitia maanani. Mwenye mpango, siku ile ya kwanza mezani, huenda angemchagua ami mwenye tamaa, kwa kuwa ami mwenye tamaa ndiye anayewajia watu wote haraka.

Sasa deni. Katika sura ya kwanza msimulizi ameingia mawazoni mwa mama na kutuambia kwamba mama hajui lolote kuhusu nyumba. Mhusika akidanganya, msomaji anafurahi kumkamata. Msimulizi akidanganya, msomaji anaona amechezewa.

Hapa wengi hukosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni kurudi papo hapo kuitengeneza sura ya kwanza. Wiki tatu zinapita, sura ya kwanza inang'aa, na ya kumi haijazaliwa. Kisha unakuja ugunduzi mwingine na ule mng'aro wote unafutwa. Ni afadhali kuandika kwa herufi kubwa pale ulipofika, REKEBISHA: MAMA ANAJUA TANGU SURA YA KWANZA, kisha uendelee kana kwamba marekebisho yameshafanyika. Kosa la pili ni kuziba tundu kwa kisengerenyuma (kurudi nyuma kusimulia yaliyopita) cha kurasa nane, au kwa sadfa: barua inaangukia miguuni mwa shujaa siku anayoihitaji. Wasomaji wetu wamefundishwa mbinu hizi kwa majina yake shuleni. Sadfa moja wanaivumilia. Ikifika ya tatu wanaanza kuzihesabu.

Kuna pia mkwamo wa katikati, ambao kwa riwaya ya maneno 60,000 mara nyingi hutokea baada ya theluthi ya kwanza. Wahusika wanakunywa chai, wanapiga simu, wanasafiri, na hakuna kinachobadilika. Wengi hudhani wameishiwa mawazo. Mara nyingi kosa liko nyuma: kuna mhusika aliyepata alichokitaka mapema mno, au aliyesamehewa kwa urahisi. Rudi maonyesho matatu (onyesho ni kipande chenye mahali pamoja na wakati mmoja), tafuta pale mtu alipokubali, mfanye akatae. Katika mfano wetu, ikiwa kijana alikubali kwenda kulala kwa shangazi bila neno, hapo ndipo hadithi ilipolala na yeye.

Rasimu ya kwanza ikiisha, ndipo mvumbuzi anapochora ramani. Liache andiko wiki mbili au tatu, kisha lisome bila kurekebisha chochote, ukiandika mstari mmoja kwa kila onyesho: nani anataka nini, na nini kimebadilika mwishoni. Riwaya ya maneno 60,000 yenye maonyesho ya maneno 1,200 itakupa mistari 50 hivi, kurasa mbili au tatu tu. Onyesho ambalo huwezi kulijazia sehemu ya pili ya mstari ni la kukata au kuunganisha. Usishangae kurasa kumi za mwanzo zikiondoka zote. Hapo mwandishi alikuwa bado anajitambulisha kwa wahusika wake.

Husemwa wakati mwingine kwamba kuandika bila mpango ndiyo asili yetu, kwa kuwa fanani, yule msimulia hadithi kwa mdomo, hasomi karatasi. Hoja inavutia, lakini haishiki. Fanani anayeitikiwa "pakawa" anajua sungura atamshinda nani. Anachobuni ni nyimbo, mzaha na urefu, kulingana na hadhira. Malenga wanaojibizana hutunga papo hapo, lakini vina na mizani vimeshawawekea kuta. Wote wanavumbua ndani ya umbo walilolibeba tayari, na hilo linawapa nguvu zaidi wale wa njia ya kati: jua mgogoro na hali ya mwisho, vumbua vilivyobaki.

Mahali ambapo naona uvumbuzi mtupu ni hatari hasa ni hadithi za mfululizo za Facebook na vikundi vya WhatsApp. Sehemu ya 14 ikishatumwa, imetumwa. Kurudi kupanda kidokezo sehemu ya 3 hakusaidii, kwa kuwa wasomaji wameshaipita, na wanaidai sehemu ya 15 kabla hujala chakula cha jioni. Ndiyo maana nyingi huanza kwa taharuki kali na kuzimika bila mwisho, au maiti wanafufuka. Anayetaka kuvumbua huko aweke akiba ya sehemu kumi zisizotumwa, na daftari la ahadi: kila swali aliloliamsha, na namba ya sehemu. Ahadi zikizidi saba bila hata moja kutimizwa, asifungue nyingine.

Kwa anayeandaa mswada wa mashindano ya uandishi, kama Tuzo ya Mwalimu Nyerere au ya Safal-Cornell, hesabu ni ya kalenda. Mvumbuzi aitengee rasimu ya kwanza nusu tu ya muda alio nao. Akibakiza mwezi mmoja, aazime njia ya wenye mpango: achore ile mistari 50 kwanza.

Na kama hujui uko upande gani, andika hadithi fupi mbili za maneno 3,000, moja kwa mpango wa nusu ukurasa na moja bila. Usipime ipi ilikwenda haraka. Hesabu saa ulizotumia kusahihisha kila moja, na uangalie ni ipi uliyoikamilisha.