DS, sapu na gharama isiyoonekana kwenye ada

Dada yangu anaanika na kuuza dagaa Kibirizi, mwalo wa kupokelea samaki hapa Kigoma. Mwaka 2024 mwanawe, anayesomea uhasibu Dar es Salaam, alipata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye kozi moja tu: Taaluma za Maendeleo (Development Studies), ile ambayo wanafunzi huiita DS na husomwa na kila mtu, awe wa uhandisi au wa sheria. Dada akaniuliza, "Kaka, mtoto nimempeleka akasome hesabu. Hayo maendeleo kwani hakuyasoma sekondari?"

Swali lake si la kupuuza. Kidato cha tano na cha sita wenzake wote walisoma GS (General Studies), somo la maarifa ya jumla, na mengi ya mle hurudi mwaka wa kwanza chuoni. Hurudi katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, mhadhiri mmoja na kipaza sauti, na madesa, yaani nukuu za kukariri, yanayorithiwa mwaka hadi mwaka. Wapo wanaotaka kozi za lazima za namna hii, zilizo nje ya fani ya mwanafunzi, zifutwe. Wanayaona hayo, nami siwalaumu.

Ila hoja yao inayosikika zaidi, kwamba zinawaongezea wazazi ada, kwetu haisimami. Marekani inasimama, maana vyuo vingi huko hutoza kwa krediti, yaani kipimo cha uzito wa kila kozi. Shahada ya miaka minne ni krediti kama 120, na theluthi hivi inaweza kwenda kwenye masomo ya jumla. Hapa ada hulipwa kwa mwaka. Futa DS leo, miaka itabaki mitatu na ada itabaki ile ile.

Gharama yetu imejificha kwenye sapu. Mtihani hufanyika chuoni, wakati wa likizo. Kwa mtoto wa Mbagala hiyo ni nauli ya daladala. Kwa wa Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, pamoja na mahali pa kulala na chakula wakati bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lilishakwisha. Matokeo yalitoka Agosti. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, na vichanja vya dada vilikaa vitupu miezi yote mitatu. Nauli aliikopa kwenye kikundi.

Lakini Julai ya mwaka huo huo, kabla ya matokeo, nilimkuta kijana huyo wa dada mwaloni, kazungukwa na kina mama wenye hasira. Wanauliza mbona wanafungiwa wao tu. Akachukua kijiti, akachora ziwa mchangani, akaligawa: Tanzania, Kongo, Burundi, Zambia. Akawaeleza kuwa makubaliano ni ya nchi zote nne, na kwamba samaki hawajui mpaka, hivyo nchi moja ikipumzisha maji yake peke yake haitafika mbali. Hasira haikuisha. Maswali ndiyo yaliyobadilika: wakaanza kuuliza nani anamfidia mchuuzi kwa miezi hiyo, na kwa nini hakukuwa na mchuuzi mezani walipopanga.

"Mjomba, hayo tuliyafanya kwenye semina ya DS," akaniambia. Kikundi chao kilipewa mada ya rasilimali za mipakani. Kozi iliyompa maarifa yale ndiyo iliyomwangusha, kwa sababu mtihani ulitaka fasili za nadharia, neno kwa neno.

Kozi hii ilitokana na fikra za Azimio la Arusha la 1967: msomi aijue jamii atakayoitumikia. Kesho kijana huyu anaweza kuwa mhasibu wa halmashauri, anapitisha malipo ya mwalo kama ule. Sitaki afike pale anajua debiti na krediti tu. Kwa hiyo mimi nasema DS ibaki, lakini semina ndiyo ibebe alama nyingi, na yaliyokwisha kufundishwa sekondari yaondolewe. Na sapu za kozi hizi zifanyiwe mikoani. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, Kigoma ikiwemo, na wanafunzi wake hufanyia mitihani huko huko. Vyuo vingine vikikubaliana nacho, mtoto wa Kibirizi atatembea kwa miguu kwenda kurudia karatasi moja.