F ya Moto

Tulikuwa wanne kwenye vyumba viwili, ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu ya mbao, Minneapolis, mwezi wa Januari. Mkataba wa miezi 12, amana ya kodi ya mwezi mmoja, na bili ya gesi ya kupasha nyumba tunalipa wenyewe. Magodoro manne sakafuni, sufuria moja.

Ukutani palikuwa na kile kidude cha kurekebisha joto, kimeandika 68F. Nikashtuka. Maji yanachemka kwa 100, sasa huyu mwenye nyumba anataka kutuoka? Nikamwita mwenzetu wa Bukavu, mzoefu wetu, maana alitutangulia Marekani kwa wiki nzima.

"Iyo F iko feu, kaka," akasema. "Kwa Kifaransa njo moto."

Basi nikapiga hesabu. Dar sasa hivi ni 32. Na hii theluji, tujiongezee kidogo. Nikashusha hadi 40, nikalala na fulana.

Saa kumi alfajiri pumzi zinaonekana. Mafuta ya nazi kwenye kabati yamekuwa jiwe. Yule wa Mombasa kavaa suruali tatu, anapiga shahada. Nikapandisha hadi 45, kimya. Hamsini, kimya.

"Wallahi mtambo umekufa," akasema. Tukampigia mwenye nyumba.

Akaja na spana zake, akashuka chini kabisa kukagua tanuri la gesi linalopasha nyumba, akabadilisha hata kichujio cha hewa kisichokuwa na kosa. Akapanda kwetu, akatazama ukutani, akakaa kitako.

Kumbe F ni Farenhaiti, kipimo cha joto cha Wamarekani. Toa 32, gawanya kwa 1.8: ile 40 yangu ni kama nyuzi 4 na nusu za kwetu, yaani joto la ndani ya friji. Tena tanuri haliwaki mpaka nyumba ipoe chini ya namba uliyoweka. Sisi tulikuwa bado 52, kwa hiyo lilituona tumeshiba.

Akarudisha 68, ambayo ni 20 ya kwetu. Chini kukanguruma. Chumba chetu bado barafu, kwa sababu Mombasa alikuwa ametandika godoro juu ya tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto, na sasa amegoma kunyanyuka.

Jioni nikampigia Mama kumtoa wasiwasi: tumeshapata joto, nyuzi 68.

"Sitini na nane? Mwanangu, tokeni humo ndani, mtaiva!"